Michenza Kumi na Saba Ng'ambo ya Mfereji

8 Oktoba, siku ya Umande wa Baridi katika kalenda yetu

Tumeanza kuchuma machenza ya kijani. Kilo mia saba na arobaini kabla ya chakula cha mchana, wamenyaji sita. Bibi Fuk-hei peke yake kamenya ya watu wawili, na maneno yake ya watu kumi. Kilo ishirini za machenza zinanipa kilo moja ya ganda kavu. Ninachouza ni ganda; nyama ya tunda inakwenda shimoni, na lori la kuipeleka nalilipia mimi.

Jioni nilikwenda mferejini kuosha visu, nikatazama ng'ambo. Baba ana michenza kumi na saba nyuma ya nyumba yake. Minne imetoa vichipukizi vya manjano. Si manjano ya kukosa mbolea, ambayo huenea jani zima. Haya ni ya mabaka, nusu ya jani haifanani na nusu ya pili. Ni joka la manjano. Kila mkulima wa huku Xinhui analijua. Vidudu vidogo kuliko punje ya ufuta hunyonya mti mgonjwa kisha hurukia mzima, na tiba ni msumeno tu.

Mfereji una upana wa mita tatu. Mstari wangu wa kwanza unaanzia ukingoni. Nina miti mia tatu na themanini kwenye ardhi ya kukodi, miaka kumi na minne ya mgongo wangu mwenyewe. Baba lazima akate ile kumi na saba kabla ya Mwaka Mpya, majani mapya hayajatoka na vidudu havijaanza kuruka. Hakuna njia nyingine.

11 Oktoba

Nimemkuta Baba jikoni akichemsha ganda lake la zamani kwa ajili ya kikohozi. Ana miaka themanini na minne, na kohozi limemkaa kifuani tangu majira ya joto.

"Baba, miti yako inaumwa."

"Na mimi naumwa. Mbona hukuanza na mimi?"

"Ni joka la manjano, Baba."

"Ni njaa. Sijaitia samadi tangu mwezi wa saba, mgongo umekataa. Na binti mwenye vibarua sita hajaniletea hata mmoja."

"Nitakuletea wote sita. Waje na misumeno."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika meza. Alipopata pumzi alisema, "Mwaka ule nao watu wa serikali walikuja hivyo hivyo, msumeno mkono mmoja na maneno matamu mkono wa pili. Nilikata mia mbili na kumi kwa mkono wangu. Wakasema miche mipya inakuja masika. Mpaka leo iko njiani."

Akajimiminia kikombe. Mimi hakunimiminia.

12 Oktoba

Nimempelekea magunia manne ya samadi. Kulisha maiti.

19 Oktoba

Mdogo wangu Jing-tong kaja na gari jipya, kaliegesha juu ya mikeka yangu. Habari kubwa: Siu-kwan, mke wa mwanawe, tumbo limeshakuwa kubwa. Hospitali hawasemi ni wa kike au wa kiume, sheria inakataza, lakini vikongwe wa kijiji wamelitazama lile tumbo wakakata shauri. Ni la mviringo, basi ni binti.

Baba uso ukamng'aa kama amepakwa mafuta. "Basi mwaka huu naweka mfuko."

Kwetu binti akizaliwa, wazee wake hukausha maganda ya msimu uleule wakayaweka. Yanazeeka naye, na akiolewa anaondoka nayo. Chini ya miaka mitatu ni ganda tu. Likifika ishirini ni dawa ya kifua, dawa ya tumbo, na dawa ya mdomo wa mama mkwe. Dada zangu wawili waliondoka na mifuko yao. Mimi nilizaliwa wa tatu, wakaniita Saam-mui, yaani mdogo wa tatu, hata jina hawakujichosha kulitafuta. Niliolewa na masanduku mawili ya nguo. Mama mkwe aliyatikisa moja baada ya jingine, akaniuliza, "Kwenu hakuna hata ganda?" Ndoa ile imeshakwisha, bwana mwenyewe yuko Macau na maisha yake. Swali lile bado ninalo.

Nikauliza, "Mfuko wa miti ipi?"

"Yangu," akasema Baba. "Sasa ya nani?"

Jing-tong akanivuta kando. "Dada, mwache mzee. Miti kumi na saba tu hiyo."

"Wewe unayo mingapi?"

"Mimi sina."

"Ndiyo maana kwako ni kumi na saba tu."

27 Oktoba

Nimepuliza dawa ya wadudu mstari wa kwanza hadi wa nne. Upepo ulikuwa unatoka kusini, nusu ya dawa imenirudia usoni.

3 Novemba

Nimekwenda ofisi ya mimea mjini. Ofisa ni kijana, Bwana Kwok, mpole, kanipa maji ya moto. Kasema miti ya uani kwa mzee wa zaidi ya miaka themanini hawaigusi kwa nguvu. Mwaka jana bibi mmoja alilala chini ya msumeno, picha zikazunguka kwenye simu za watu.

"Kwani wewe si mwanawe?" akaniuliza. "Mshawishi."

"Nikiweza kumshawishi ningekuja kwako kunywa maji?"

Akaniandikia namba yake ya simu kwenye karatasi. Nimerudi na karatasi.

4 Novemba

Vichipukizi vya manjano sasa viko kwenye miti sita.

15 Novemba

Kikohozi cha Baba kimezidi. Nimempelekea ganda la mavuno yangu ya kwanza, lina miaka kumi na mmoja, rangi ya kahawa, harufu yake ukifungua kopo inakupanda mpaka kichwani. Hilo siliuzi. Mganga wa mitishamba mjini amenibembeleza miaka mitatu nimuuzie robo kilo, nimekataa.

Baba alilitazama, akaliweka rafuni nyuma ya chupa ya mchuzi wa soya.

"Si ulichemshe, Baba?"

"La kwako ni la biashara. Hili langu linanijua."

Langu halimjui. Nikaondoka.

23 Novemba

Jana kalenda ilisema Theluji Ndogo. Huku hata mvua ya mawe ni hadithi, lakini ndiyo siku tunayoingoja: baada yake chenza linaiva jekundu kamili, na upepo wa kaskazini unashuka, mkavu, unakausha ganda bila kulichoma. Jua peke yake halitoshi.

Baba kachuma leo. Nimekwenda kumsaidia bila kuitwa. Machenza yake ni madogo, mengine yamepinda, juu mekundu na kitakoni kijani. Tunda la mti wenye joka ndivyo lilivyo, hata mtoto wa shule ya msingi hapa anajua. Nikamwonyesha moja. Akalipangusa kwa shati, akalipasua mikato mitatu, akatoa ganda kama ua la petali tatu zilizoshikana kitakoni, hakuna petali iliyozidi nyingine. Vidole vinatetemeka akishika kikombe. Akishika chenza havitetemeki.

Tulimenya pamoja mpaka alasiri. Nilipoona amechangamka nikamwambia, "Baba, tufanye mapatano. Mfuko huu nitakusaidia kuukausha mpaka uwe tayari. Ukishafungwa, miti inakatwa."

Akamenya matatu zaidi.

"Kwa jua na upepo," akasema. "Si kwenye lile jiko lako."

Jiko langu analosema ni chumba cha hewa moto. Naweka humo maganda ya viwanda vya vinywaji, kwa sababu wao hawangoji yazeeke.

"Kwa jua na upepo," nikasema.

"Likifungwa mfuko, leta misumeno yako."

Nimerudi nyumbani nikala bakuli mbili za wali wa mkunga. Bibi Fuk-hei kaniuliza kama nimeokota dhahabu.

26 Novemba

Siku tatu za jua hafifu. Maganda yamelegea, tumeyapindua ndani nje. Upepo bado.

29 Novemba

Mvua.

30 Novemba

Mvua. Tumeyahamishia yote ndani, yangu na yake.

1 Desemba

Mvua. Redio inasema kesho kaskazini.

2 Desemba

Mvua. Upepo wa kusini, kuta zinatoa jasho. Mwezi wa kumi na mbili!

5 Desemba

Mvua imekatika, imebaki unyevu unaoweza kuukamua hewani. Kwangu nimeacha kungoja: kilo elfu moja mia mbili zimeingia chumba cha moto, nitaziuza viwandani kwa bei ya hasara. Za Baba zimetandazwa chumbani kwake, sakafuni, juu ya viti, na kitandani. Yeye analala kwenye kiti cha mikono, katikati ya maganda, na feni mbili. Unyevu ule ule unaoyaharibu maganda unamjaza kifua. Nimekuta doa la ukungu wa kijivu kwenye ganda moja, nikalitia mfukoni kabla hajaliona. Nikakuta la pili. Yeye alikuwa tayari ameficha manne mfukoni mwake, nisiyaone mimi.

"Baba, uende hospitali."

"Nani atayageuza?"

"Mimi."

"Utayageuza?"

"Baba, mimi hii ndiyo kazi yangu."

6 Desemba

Asubuhi midomo yake ilikuwa ya bluu. Jing-tong kaja, tumembeba. Mlangoni mwa gari alinishika mkono wa nguo. "Kila baada ya chakula uyageuze, Saam-mui." Hakuniambia kwaheri.

7 Desemba

Wamemlaza, mapafu yana maji. Nimeyageuza maganda. Ukungu umepita kutoka moja kwenda saba. Nimeyapangusa kwa pombe ya mchele. Nje hakuna upepo, hata jani haligeuki.

Ikifika kesho yataoza yote. Yakioza hakuna mfuko, na pasipo mfuko hakuna msumeno. Nimepiga hesabu kutoka pande zote na kila safari jibu linatoka chumba kile kile cha moto.

8 Desemba

Nimeyaingiza. Joto la chini kabisa ambalo mashine inakubali. Yametoka makavu, safi, mazuri hata nilijivunia. Nimeyatandaza tena chumbani kwake kama yalivyokuwa.

10 Desemba

Baba karudi. Daktari alisema abaki, yeye akasema ana kazi. Jing-tong alimshika bega la kulia, mimi la kushoto, tukamwingiza chumbani.

Alisimama mlangoni. Kisha akainama, akaokota ganda moja. Akaokota la pili, akayalinganisha. Ganda la jua kila petali hujikunja inavyotaka, hakuna mawili yanayofanana. Yale yalikuwa yamelala sawasawa kama askari.

"Haya yamepikwa," akasema.

"Baba, yangeoza. Yalikuwa yameanza."

"Niliyaona."

"Sasa ulitaka nifanye nini? Niyatazame?"

"Ndiyo! Uyatazame! Yakioza yameoza. Ganda likioza limekufa kifo chake. Hili umeliua na umeliacha limesimama. Miaka ishirini mtoto atalifungua, litakuwa hivi hivi. Kama la jana. Halitageuka kitu."

"Joto lilikuwa dogo..."

"Umempikia mtoto ganda la soda."

Jing-tong, ambaye hajawahi kumenya chenza isipokuwa la kula, akatikisa kichwa. "Lakini Dada, alikuambia jua na upepo. Nilikuwepo."

"Hukuwepo."

"Alinisimulia."

Nikamuuliza Baba, "Na miti?"

"Tulipatana nini?"

"Jua na upepo."

"Basi."

Aliketi kwenye kiti chake akageuza uso ukutani. Nilikuwa na maneno ya miaka hamsini na mmoja mdomoni, yamepangwa kabisa, naweza kuyaimba. Lakini alikuwa anakohoa, na mtu anayekohoa vile huwezi kugombana naye. Nikamchemshia maji. Kopo lake la ganda la zamani lilikuwa limebaki vumbi. Nikachukua langu nyuma ya chupa ya soya, nikaliloweka, nikakwangua ndani, nikalichemsha na tangawizi. Alikunywa. Hakuuliza la nani.

14 Desemba

Jua kali. Upepo wa kaskazini siku nzima. Sasa.

21 Desemba, kilele cha baridi

Chakula cha jioni kwa Jing-tong. Vidonge vya unga wa mchele kwenye mchuzi wa figili, bata aliyepikwa na maganda. Mkewe kaniwekea paja kwenye bakuli, Baba akaniuliza bei ya ganda jekundu sokoni, nikamtajia, akasema ni ghali. Tumbo la Siu-kwan limefika mezani kabla yake. Watu wote walilisemesha lile tumbo kama msichana.

29 Desemba

Mstari wa kwanza, mti wa tano. Kichipukizi kimoja cha manjano, urefu wa kidole. Nililishika jani nikaligeuza kwenye mwanga. Nusu hivi, nusu vile.

Nilisimama pale mpaka Bibi Fuk-hei akaja kunitafuta. Aliangalia jani, akaniangalia mimi.

2 Januari

Miti kumi na mmoja. Mstari wa kwanza tisa, wa pili miwili.

3 Januari

Bwana Kwok kaja mwenyewe na pikipiki. Amezunguka kwangu, kavuka ubao wa mferejini kazunguka kwa Baba, karudi viatu vimejaa tope.

"Ile ya ng'ambo ingekatwa mwezi wa kumi," nikamwambia, "hii isingeugua."

Akasitasita. "Mama, mti unaoonyesha dalili leo uliugua mwaka jana. Pengine mwaka juzi. Hata ungekata ile kumi na saba siku ile uliyokuja kwangu, hii ilikuwa nayo tayari."

"Kwa hiyo ilitoka kwake mwaka juzi."

"Labda. Au ilitoka kwako ikaenda kwake. Au ilitoka barabarani, kwa wote. Kidudu hakiachi nyayo."

Nilimwomba arudie. Alirudia neno kwa neno, kwa upole ule ule. Nilitaka sana kumpiga.

Kasema nikate mistari miwili mizima. Miti thelathini na minane. Iliyobaki nipulize na kungoja.

"Kungoja nini?"

"Masika," akasema. "Uone."

5 Januari

Tumekata. Msumeno wa mashine, vibarua wawili, na mimi. Kila kisiki nimekipaka dawa mwenyewe kisichipue tena. Tulipofika mti wa ishirini, Baba alikuwa amevuka ubao. Sijui alivukaje na kifua kile. Alisimama na fimbo yake, kofia imefunika masikio, akitazama. Nilingoja aseme ina njaa. Ningeuzima msumeno nimjibu.

Kila mti ulipoanguka aliusogelea, akavunja kijiti, akakinusa pale kilipovunjikia. Halafu akaja kwenye mti unaofuata akauwekea mkono shinani, mtetemo wa msumeno ukampanda mkononi, hadi kibarua alipompigia kelele, "Mzee, kaa mbali!" Akakaa mbali. Miti mia mbili na kumi aliikata peke yake zamani, nadhani hakukuwa na mtu wa kumwambia akae mbali.

Jioni nilimvusha ubao kwa mkono. Mkono wake hauna uzito.

9 Januari

Siu-kwan amejifungua. Kilo tatu na gramu mia mbili.

Wa kiume.

Jing-tong kanipigia simu akilia na kucheka. Fataki zimelia kwake hadi mbwa wangu akaingia chini ya kitanda. Vikongwe wa kijiji wanasema tumbo lilikuwa la mviringo kwa sababu ya kula miguu ya nguruwe.

12 Januari

Baba kaja asubuhi. Alikuwa na mfuko mgongoni, wa kitani, umefungwa kamba nyekundu mdomoni. Aliuweka juu ya meza yangu ya mizani, na mshale ukasimama kwenye kilo sita na nusu.

"Chukua," akasema.

"Nini?"

"Wa kiume hawekewi. Chukua wewe."

Nilidhani akili imemruka. "Baba, hili ndilo nililolipika."

"Nalijua."

"La miti yenye joka."

"Nalijua, Saam-mui. Macho ninayo." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite kama mtu anayepisha gari. "Na ile miti nyuma ya nyumba, kata. Sina tena wa kumwekea."

Nimengoja neno hilo tangu Oktoba. Lilikuja nikiwa na visiki thelathini na vinane nyuma yangu, na ofisa ameshaniambia kwamba hata lingekuja siku ile ile lisingeokoa hata kimoja. Nilitafuta hasira nikaona ipo, lakini haina pa kusimama.

Nikauliza kile nilichokuwa nacho. "Baba, mbona mimi hukuniwekea?"

Hakushangaa. Alitazama ule mfuko.

"Mwaka wako ulikuwa kama huu. Mvua, kusini, mvua. Nilitandaza hadi juu ya kitanda cha mama yako, amelala na wewe pembeni. Yalioza yote."

Mama amekufa, dada zangu walikuwa watoto, hakuna wa kuulizwa.

"Na mwaka uliofuata?" nikasema. "Ungeweka mwaka uliofuata."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa haki, bila kutafuta pa kutokea.

"Mwaka uliofuata tulikuwa tunangoja mtoto wa kiume."

Kisha akaomba maji ya moto. Nikamchemshia na ganda langu. Alikunywa vikombe viwili, akanimiminia kimoja.

15 Januari

Tumekata kumi na saba. Baba hakutoka nje.

20 Januari, Baridi Kubwa

Mstari wa tatu, mti wa saba. Kichipukizi kimoja. Pengine ni mbolea. Nimemtumia Bwana Kwok picha. Bado hajajibu.

Leo kaskazini ya kweli imevuma, kavu, mikono inapasuka. Nimeanika uani yote niliyobaki nayo, mikeka arobaini. Halafu nikaufungua mfuko wa Baba, nikayapanga kwenye mkeka wa arobaini na moja. Kilo sita na nusu. Hayatageuka rangi, hayatapata harufu. Nikifika umri wa Baba yatakuwa hivi hivi.

Bibi Fuk-hei akapita, akaokota moja, akalinusa. "Bosi, hili la kiwandani unalianikia nini? Limeshakwisha hili."

Nikamwambia alirudishe mahali pake, upande wa ndani uelekee jua.